Ukale na Uchakavu: Tahakiki ya Kamera za Mkanda

Mwezi wa Juni 2022, katika mji wa Wetzlar huko Ujerumani, kamera moja ndogo iliuzwa mnadani kwa Yuro milioni 14.4. Ilikuwa ni Leica nambari 105, mojawapo ya chache zilizoundwa kwa majaribio mnamo 1923, miaka miwili kabla ya kamera za jina hilo kuingizwa sokoni, na aliyekuwa akiibeba ni Oskar Barnack mwenyewe, fundi aliyeibuni. Sitaraji kwamba aliyeinunua atatia mkanda ndani yake. Kwa thamani ile, hata kuipangusa vumbi yataka kwanza kutafutwa mwenye mkono mwepesi.

Siitaji habari hii kwa kuonea kijicho mali za watu. Naitaja kwa kuwa soko limekwisha kutoa hukumu yake juu ya kitu ambacho sisi wapenzi wa mashairi tunapaswa kukipima kwa mizani nyingine. Soko limesema kuwa kamera kongwe ni johari: hufungiwa, hulindwa, hupandishwa bei, huhamishwa kutoka kabati la tajiri mmoja hadi la mwingine. Wapo wasemao kuwa ni ala kama udi au ganuni, na ala isiyopigwa huharibika. Na katika miaka hii wamezuka wa tatu, wengi wao vijana, ambao kwao kamera ya mkanda ni njia ya kuipata picha yenye sura ya zamani. Mimi nimo katika kundi la pili, wala sitajifanya hakimu asiye na upande. Walakini hao wa tatu ndio wanaonishughulisha zaidi, kwani ugonjwa wao ni ugonjwa wa ushairi, na wasomaji wa kurasa hizi wanaujua dalili zake.

Kwanza ala yenyewe, maana aghalabu waandikao juu ya picha huiruka. Mnamo 1929 karakana ya Franke & Heidecke ya mjini Braunschweig ilitoa Rolleiflex, kamera ya lenzi mbili zilizopandana, moja juu ya mwenzake. Ya juu ni ya kuonea, ya chini ni ya kupigia. Nuru iingiayo juu hugonga kioo kilicholala mshazari, ikapandishwa hadi kwenye kioo kingine chenye weupe kama wa maziwa, na hapo ndipo sura ya kitu huonekana. Mpigaji huishika kamera tumboni, akainamisha kichwa na kuchungulia kutoka juu. Sura imesimama wima, ila kulia kumekuwa kushoto: mtu akisogea huku, kiooni huenda kule. Mikono huchukua siku kadhaa kuzoea. Rolleiflex iliigwa na wengi. Hii ninayoitumia mimi ni Yashica-Mat 124G ya Kijapani, aina iliyotengenezwa tangu 1970 hadi 1986, na niliinunua kwa fundi redio mmoja wa Mkunazini ambaye hakuwa na haja nayo, isipokuwa mkoba wake wa ngozi, na huo tuliuvutania sana.

Sasa ilinganishe na kamera ya kutia jichoni. Mwenye kamera ya jichoni huuficha uso wake na kumwelekezea mwenziwe chombo, mfano wa mtu anayelenga shabaha. Mwenye lenzi mbili huinama. Uso wake u wazi, macho yake yako chini, na anayepigwa picha haoni kizuizi baina yao. Kwetu pwani, ambako mtoto hufundishwa kutomkodolea macho mtu mzima, umbo hili la mwili lina maana yake. Sisemi kwamba mafundi wa Braunschweig waliifikiria adabu ya Mswahili. Wao walitaka kioo kikubwa cha kuonea na kamera isiyotikisika. Nasema tu kwamba ala ilipofika studio zetu ilikuta heshima iliyokwisha kuwapo, na ikalingana nayo. Tena kuinama huko kuna sura ya pili isiyokuwa ya heshima hata kidogo. Vivian Maier, yule yaya wa Chicago aliyefariki mwaka 2009, alizipiga picha za watu wengi barabarani kwa Rolleiflex bila wao kujua, maana nani amshuku mwanamke aliyeinamia tumbo lake? Ala ni ile ile. Adabu au wizi vimo katika mkono.

Lenzi mbili zina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji na watumiaji huijua baada ya mkanda wa kwanza. Kwa kuwa jicho liko juu na mkanda uko chini, vinavyoonekana na vinavyopigwa havilingani kabisa. Kwa mbali tofauti haidhuru. Ukimkaribia mtu kiasi cha mita moja, wewe umeuona utosi wake wote na mkanda umeukata. Mafundi wa zamani waliiponya kwa mazoea: wakisha kupanga sura, huiinua kamera vidole viwili vitatu kabla ya kubonyeza. Nimeona picha za kale ambazo nafasi ya juu ya kofia imeachwa kubwa kupita kiasi, na wakosoaji wa leo huisifia nafasi hiyo kama ubunifu. Yamkini ilikuwa ni hadhari tu.

Mkanda wa 120, uliotolewa na Kodak mwaka 1901 na ambao hadi leo ungali unatengenezwa, hutoa picha 12 za mraba katika kamera hii. Katika zile za kukunja za sentimita 6 kwa 9 hutoa 8, na wapenzi wa arudhi watatabasamu wakiisikia hiyo nane. Watetezi wa mkanda hupenda kusema kuwa uchache huu humlazimisha mpigaji kufikiri, ilhali simu yenye picha elfu humzoesha kutofikiri. Hoja hiyo naikubali nusu. Mshairi aliyebanwa na mizani 16 za mshororo, pamoja na vina vya kati na vya mwisho, hana budi kulipima kila neno. Walakini tunawajua watungaji ambao vina vyao havijapata kukosa hata kimoja na beti zao hazina kitu ndani. Miaka ya 1970, pale Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) kilipouchochea mjadala wa mashairi huru, wapo waliojibu kana kwamba kuhesabu mizani ni ushahidi tosha wa ushairi. Mimi natunga kwa arudhi na nitakufa nikitunga kwa arudhi, lakini jawabu lile halikunitosha hata nilipokuwa kijana. Bahari humpa mtungaji kuta. Haimpi la kusema ndani ya nyumba. Kadhalika kamera ya picha 12: asiye na jicho atapiga picha 12 mbovu kwa utaratibu na kwa gharama kubwa zaidi.

Uchache unafanya kazi nyingine, nayo naithamini kuliko hiyo ya kufikirisha. Unamfanya anayepigwa picha naye ashiriki. Tazameni picha za studio ya N. V. Parekh wa Mombasa, zilizochapishwa mwaka 2022 katika kitabu cha Isolde Brielmaier kiitwacho I Am Sparkling. Wale si watu walionaswa. Ni watu waliojipamba, wakachagua nguo, wakachagua wa kusimama naye, kisha wakatulia wakijua kwamba pozi hili huenda likapigwa mara moja tu. Kidevu kimepandishwa kwa kukusudia, mkono umewekwa mahali pake. Picha imetungwa na wawili, aliye mbele na aliye nyuma ya kamera, na ni vigumu kusema mwenye sehemu kubwa ni yupi. Huku Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993), ambaye ufundi alijifundisha mwenyewe, alikwenda mbali zaidi: alizikata picha na kuziunga upya chumba cha giza, hata sura ya mtu ikatokea mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa. Kwa jicho langu huo ni ushairi wa mafumbo khasa. Wala haukutokana na kamera ghali, ulitokana na mkasi na dawa za kusafishia picha.

Nirudi kwenye nuru, kwani hapa ndipo kamera kongwe inapomjaribu mtu wa pwani. Kipimanuru kilichomo ndani ya kamera hizi kimefundishwa jambo moja tu: kila kitu duniani kina kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye ukuta wa chokaa saa sita mchana, kitadhani kimeona kijivu kinachong'aa mno, kitakushauri uibane nuru, na mzee aliyeketi barazani mbele ya ukuta huo, na kanzu yake nyeupe, atatoka uso wake ukiwa kama kipande cha kaa. Hiyo ndiyo siri ya nyuso nyingi zilizopotea katika picha za wageni waliopita mji wetu. Dawa yake ni kupima kwenye kivuli cha baraza penyewe, au kwenye kiganja cha mkono kilichowekwa katika nuru ile ile inayouangukia uso, kisha kukisahau kipimo. Katika Yashica yangu kuna na tatizo la ziada: kipimanuru chake kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo zimekwisha kupigwa marufuku kwa sumu yake. Ya sasa ya volti 1.5 huingia vizuri na kusema uongo. Kwa hiyo wengi wetu tunapima kwa macho, kama mpishi anavyotia chumvi.

Hewa yetu nayo si rafiki. Chumvi na unyevu huotesha kuvu juu ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikikaa sana huila ile rangi laini inayokinga kioo. Mkoba wa ngozi ambao fundi wangu aliupenda ndio mahali pabaya kabisa pa kuwekea kamera, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu na kuuhifadhi. Afadhali kopo la mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na kamera ipigwe. Shata ya chuma huendeshwa na springi na magurudumu madogo yaliyotiwa mafuta. Ikikaa miaka bila kufunguliwa, mafuta hugeuka gundi, na kasi ya sekunde nzima inakuwa sekunde tatu au haifungi kabisa. Kwa hili wenye makabati wanashindwa hata kwa hesabu yao wenyewe: kile wanachokilinda kinakufa kwa kulindwa.

Kwa upande wa kusafisha, vitabu vyote vya kale vinaelekeza dawa iwe ya nyuzi 20. Waliovitunga walikuwa Rochester na London. Maji ya bomba kwetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Tuna barafu, na tuna kufupisha dakika. Mafundi wa studio zetu waliyajua haya miaka mingi kabla yangu, na sehemu kubwa ya ujuzi huo haikuandikwa popote.

Nafika sasa kwenye lile kundi la tatu. Kijana anaweka mkanda uliopitwa na wakati ndani ya kamera inayovuja nuru, anapiga, na picha ikitoka imefifia, ina umanjano, ina michirizi, anafurahi: hii ndiyo zamani. Wengine hawahitaji hata mkanda. Simu zao zina programu ya kuipaka picha manjano na mikwaruzo. Nasema kwa ukali kidogo, na mwenye kukasirika anisamehe: hiyo si zamani. Picha ya Parekh ilipotoka chumba cha giza haikuwa ya manjano. Ilikuwa na weusi mzito na weupe safi, na nyuzi za kofia zilihesabika. Lenzi ya Rolleiflex iliyotunzwa huchora kwa ukali ambao kamera nyingi za kisasa hazijaupita. Ule umanjano ni dawa ambayo haikuoshwa sawasawa, ni unyevu, ni ukuta uliovuja, ni familia iliyohama kwa haraka na albamu ikabaki chini ya kitanda. Anayeuiga umanjano anauiga utelekezaji, na kuuita uzuri.

Hapa ndipo nilipoona ugonjwa wetu. Mshairi wa Unguja ambaye hajalala Lamu hata usiku mmoja anajaza shairi lake mato, nyuni, mtima na ndia, akidhani kwa hayo atanukia ukale. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, hakutunga kwa lugha ya zamani. Alitunga kwa Kimvita cha siku yake, na wasikilizaji wake waliokuwa wakipita njiani walimfahamu. Ukale tunaouhisi leo katika beti zake sisi ndio tulioutia, kwa kukaa mbali naye. Mtungaji anayetaka kumfuata Muyaka hana budi aandike kwa lugha iliyo hai kinywani mwake kwa ustadi ule. Na mpigaji anayetaka kumfuata Parekh ajifunze kupanga nuru juu ya uso, aache kupaka manjano.

Kuna jambo moja katika zamani hiyo ambalo wapenzi wa mikanda ya rangi hawataki kulitazama. Kamera kongwe haikuwa na upendeleo, lakini mkanda ulikuwa nao. Mikanda ya mwanzo ya nyeusi-na-nyeupe haikuiona nuru nyekundu, na ngozi yetu, ambayo ina wekundu mwingi ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Ilipokuja rangi, maabara za Marekani zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekwisha kupimwa. Mtafiti Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, alionyesha kuwa Kodak ilianza kuutazama upya uwezo wa mikanda yake katika rangi za kahawia kwa sababu watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walilalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti ilisikilizwa. Jean-Luc Godard naye, alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliukataa mkanda wa Kodak kwa hoja hiyo hiyo ya rangi ya ngozi. Basi kijana wetu anapotafuta mikanda ya rangi ya enzi hizo kwa ajili ya uzuri wa zamani, ajue kuwa anaitafuta hukumu iliyotolewa juu ya uso wa bibi yake, naye bibi hakuulizwa.

Ndiyo maana kazi ya mafundi wa studio naiona kubwa zaidi kila nikiifikiria. Walipewa mkanda usiowajua wateja wao, wakaushinda kwa taa, kwa poda, kwa pazia la nyuma lenye rangi ya kufaa, na kwa penseli iliyochongwa kama sindano ya kuigusia negativu. Seydou Keïta wa Bamako anajulikana dunia nzima, na anastahili. Alianza kwa kamera ndogo ya Kodak aliyoletewa na ami yake mwaka 1935 kutoka Senegali. Hapa kwetu Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mji mzima, kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964, ulipita mbele ya lenzi zao. Mtu akitaka kuandika tarehe ya nuru katika visiwa hivi, aanzie hapo.

Na hapo ndipo linapokuja swali la kukusanya, ambalo kwangu ni zito kuliko bei ya Leica. Studio inapofungwa, anayekuja kununua hutazama kamera kwanza. Kamera ina nambari, ina jina la kiwanda, bei yake inajulikana. Masanduku ya negativu hayana bei, na yananuka. Nimeshuhudia mwenyewe, katika mji mmoja wa bara ambao sitautaja, kamera tatu zikibebwa kwa uangalifu ndani ya mablanketi na masanduku ya negativu yakiachiwa mfagiaji. Ni kana kwamba mtu amenunua kalamu ya mshairi na kuuacha mswada.

Tunao mfano wa kinyume chake katika fasihi yetu. Mashairi ya Muyaka hayangetufikia kama si W. E. Taylor, mmisionari aliyekuwa Mombasa katika karne ya 19, kuyakusanya. Na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha Johannesburg. Wasomi hupenda kuishia hapo, na kumshukuru Mzungu au kumlaumu kwa kuyachukua. Lakini Taylor peke yake angekusanya nini? Aliyeyajua mashairi, aliyeyanakili na kumweleza nani alimjibu nani na kwa kisa gani, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Bila Sikujua tungekuwa na maneno matupu yasiyo na watu. Negativu za studio zetu zinamngoja Sikujua wao: ajuza anayeweza kuutazama uso na kusema huyu ni fulani binti fulani, hii ilikuwa harusi ya mwaka gani, na huyu wa pembeni mbona alisimama mbali na nduguye. Watu hao wanazidi kupungua.

Zaidi ya hayo kuna suala la amana. Mwanamke wa mjini aliyekwenda studio miaka ya 1950, akavua buibui nyuma ya pazia na kupigwa picha ya kumpelekea mumewe aliye safarini, hakumpa fundi ruhusa ya kuutundika uso wake ukutani New York. Heike Behrend, katika kitabu chake Contesting Visibility cha mwaka 2013, ameeleza kwa kirefu jinsi watu wa pwani walivyopima nini kionyeshwe na nini kisitiriwe. Postikadi za mwanzo wa karne ya 20 hazikulipima hilo: ziliandika kabila chini ya uso na kuuacha jina. Baadhi ya maonyesho ya leo, yenye taa nzuri na karatasi ghali, yanarudia jambo lile lile kwa heshima zaidi, na chini ya picha tunasoma jina la mpigaji na neno hajulikani. Huenda hajulikani kwao. Kabla ya kuandika neno hilo ilikuwa wajibu wao kuuliza mitaani.

Masanduku ya Maier yaliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na ndani yake, pamoja na yaliyopatikana baadaye, zilikuwamo negativu zaidi ya 100,000. Zilipona kwa kuwa Chicago ni baridi na kavu kuliko kwetu. Za huku hazina muda huo. Mikanda mingi ya katikati ya karne ya 20 ilitengenezwa kwa asetati, na asetati katika joto na unyevu huanza kuoza yenyewe kwa kutoa asidi. Dalili yake ya mwanzo ni harufu ya siki. Tena asidi hiyo huambukiza sanduku la jirani. Mkanda hujikunja, kisha ule utando wenye sura hupasuka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

Kwa hiyo mwenye sanduku la marehemu baba yake, alifungue kabla ya masika. Akisikia siki, azitenge zinazonuka na zisizonuka, azitoe kwenye mifuko ya nailoni na kuzitia katika bahasha za karatasi, kisha aziweke juu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Kila bahasha iandikwe kwa penseli, maana wino utavuja, na iandikwe kabla negativu haijatiwa ndani. Kwanza jina la aliyepigwa, jina lake na la baba yake. Kisha mtaa, na mwaka kama unajulikana. Jina la kamera linaweza kuja mwisho, ikibaki nafasi.